Gugu maji lisilale ukingoni, mnalirudisha wenyewe

Mwangaluka wote, wakubwa zangu shikamooni. Leo sina salamu ndefu maana kuna jambo limenikaa kooni muda mrefu. Vikundi vya kujitolea kutoa magugu maji huku kwetu Mwanza kando ya Ziwa Victoria, kuanzia Kayenze na Igombe mpaka Luchelele na kule ng'ambo Sengerema, mnafanya kazi kubwa na hamlipwi hata senti, hilo nalijua na popote nalisema. Ila kuna kosa moja mnalirudia kila kampeni na linafanya jasho lote liwe bure. Mnalitoa gugu ziwani, mnalirundika hapo hapo mchangani hatua tatu nne kutoka majini, mnapiga picha na mgeni rasmi, mnaenda zenu nyumbani. Baadaye mnanipigia simu, "afisa, gugu limerudi". Halijarudi. Mmelirudisha.

Sitaeleza hapa gugu maji ni nini wala linaziba nini, aliyekosa dagaa anajua na aliyeunguza pampu kwa sababu mpira wa kuvutia maji umejaa mizizi anajua zaidi. Naongelea zile saa baada ya gugu kutoka majini, maana hapo ndo kazi inapoharibika.

Angalieni kinachotokea. Mmetoa asubuhi, ziwa shwari, upepo wa usiku ulikuwa unatoka nchi kavu kwenda ziwani kwa hiyo hakuna wimbi la maana, rundo linaonekana liko salama kabisa. Ikifika mchana upepo unageuka, unatoka ziwani kuja kwetu, mawimbi yanaanza kupanda mchanga na kulamba chini ya rundo kidogo kidogo. Hayabebi rundo zima, yanachomoa yale ya chini tu. Usiku upepo unageuka tena na kusukuma yaliyochomoka kwenda ndani, asubuhi mkija mnaona rundo limepungua mnafurahi kwamba linakauka, kumbe nusu yake imeshahamia kwa jirani, kwa mwenye vizimba vya sato au kwenye mdomo wa mfereji unaopeleka maji kwenye majaruba ya mpunga ya watu. Na mvua ikinyesha ndo usiseme, maji yanayoshuka kutoka milimani huku kwetu Mwanza hayana adabu, yanakuta rundo ukingoni yanalisomba lote.

Halafu ziwa lenyewe halikai sehemu moja. Mnakumbuka mwaka 2020 lilivyopanda, vibanda vya mialoni vikaingiwa maji, bustani za watu zikazama na miti ikabaki imesimama majini, na 2024 likapanda tena. Sasa mtu aliyeona hayo yote kwa macho yake bado anarundika gugu hatua tatu kutoka majini eti "hapa maji hayafiki". Yanafika. Yalishafika.

Mtu ataniambia, lakini afisa, gugu likitoka majini si linakufa? Hapana, haliwahi kufa haraka hivyo, na hapa naomba mnisome taratibu. Nenda kwenye rundo lolote lililokaa wiki moja au mbili ukingoni. Juu utaona majani ya kahawia yamekunjamana, ukiyashika yanavunjika, unaweza ukaapa kwamba limekufa. Ingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, vaa glovu kwanza maana nyoka nao wanapenda humo, chomoa mche mmoja wa katikati. Utatoka na joto la unyevu na harufu ya uvundo, majani yake yameoza kweli, lakini tazama kitako, pale majani yote yanapokutana juu ya mizizi. Kikate kwa kisu katikati. Kama ndani ni cheupe au kijani hafifu na kinatoa maji ukikibonyeza, huyo yuko hai, na mara nyingine utakuta kajani kapya kamejikunja katikati kanasubiri tu. Mrushe majini hapo, anaanza maisha upya. Rundo nene linafunika la katikati lisikauke, yaani mnalitunza nyie wenyewe.

Na bado sijafika kwenye mbegu. Ua la gugu maji likishachanua halikai, siku moja mbili limenyauka, kikonyo chake kinapinda kuelekea chini, na ndani ya kama wiki tatu vifuko vinakomaa na kumwaga mbegu. Mbegu ni ndogo sana, unaweza usizione kabisa kwenye tope, na zinaweza kukaa kwenye tope miaka 15 mpaka 20 zikiwa hai. Zinachotaka ili ziote ni unyevu, joto na mwanga. Sasa niambieni, mchanga wenye tope ukingoni, unalowa mchana na kukauka asubuhi, jua kali, maji mafupi, hiyo si ndo sehemu inayotakiwa? Mkirundika gugu lenye maua hapo mmeshaandaa kitalu, na mmekimwagilia.

Kwa hiyo sheria ya kikundi iwe moja, iandikwe kwenye daftari la katibu na isomwe kabla mtu hajaingia majini: gugu lililotolewa leo lisilale ukingoni. Likitoka majini leo, leo hii liwe limepanda juu ya mstari.

Mstari upi? Hapa ndo mnapopenda kukadiria, na mimi sitaki makadirio. Kwanza tafuteni maji yalifika wapi mwaka ule mbaya kuliko yote, waulizeni wazee na wenye vibanda, watawaonyesha mpaka alama ukutani. Hapo wekeni alama, piga kigingi, paka rangi nyeupe. Pili, kutoka hapo maji yalipo leo pimeni mita 60 kwenda nchi kavu. Mita 60 mnazijua, ndo zile za Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 zinazokataza shughuli za kudumu za binadamu kando ya ziwa. Kati ya hizo alama mbili chagueni ile iliyo mbali zaidi na maji, hapo ndo mahali pa kuanikia na pa kutengenezea mboji. Msipime kwa kusema "hatua 60", hatua ya mtu mzima wa kawaida ni kama sentimita 75, hatua 60 ni mita 45 tu, umejipunja mita 15 nzima. Ni hatua 80. Na akipima kijana mrefu mwenye haraka zitakuwa chache zaidi, kwa hiyo bora kamba ya manila mliyoipima kwa futi kamba ya fundi, ifungwe fundo kila mita 10, ikunjwe ikae kwa mwenyekiti. Kamba hiyo ikipotea kampeni isianze. Sitanii.

(Na kabla hajatokea mjanja: kuanika gugu nje ya mita 60 hakumaanishi nimekuruhusu kulima nyanya ndani ya mita 60. Sijasema hivyo na usinitaje ukikamatwa.)

Najua malalamiko yenu. Gugu bichi limejaa maji, karibu asilimia 95 ya uzito wake ni maji, kubeba mita 60 na zaidi kupanda mlima ni adhabu. Kweli kabisa. Ukibeba kilo 100 za gugu bichi umebeba kama kilo 95 za maji ya ziwa unayapandisha mlimani bila sababu. Dawa si kuliacha ukingoni, dawa ni kulichujisha kwanza. Tengenezeni chanja, kama zile za kuanikia dagaa, miti na mabua au wavu mchakavu juu, kimo cha kiunoni, iwe mita 10 kutoka majini mahali penye mteremko kidogo. Gugu likitoka linatupwa juu ya chanja mizizi ikiangalia juu, linakaa saa mbili mpaka tatu linachuruzika, halafu linapakiwa. Halitakuwa jepesi kama kavu lakini yale maji ya kwenye mizizi na matope yatakuwa yamebaki, na mabega yenu yataona tofauti. Chini ya chanja tandika turubai kuukuu ili vipande vinavyodondoka visichanganyike na mchanga. Chanja ni ya saa, si ya siku. Nikikuta gugu limelala kwenye chanja usiku kucha nitahesabu limelala ukingoni.

Kubeba kwenyewe tumieni guta, toroli, mkokoteni wa ng'ombe kama njia inaruhusu, kama hairuhusu basi machela ya miti miwili na gunia zilizopasuliwa, watu wawili wawili. Na sasa jambo ambalo vikundi vingi hamlifikirii kabisa: kazi ya kutoa ipangwe kwa uwezo wa kubeba. Mnakuja watu 30, wote 30 wanaingia majini kwa mbwembwe, saa mbili baadaye kuna kilima cha gugu mchangani na watu wote wamechoka, nani abebe? Hakuna. Mgeni rasmi ameondoka, maji ya chupa yameisha, kilima kinabaki. Gaweni hivi: kwa kila mtu mmoja anayetoa majini, wawe wawili wanaochuja na kubeba. Watu 30, kumi wanaingia majini, 20 wako nchi kavu. Mtaona eneo mlilosafisha ni dogo na picha haivutii. Sawa. Eneo dogo lililosafishwa likabaki safi ni bora kuliko ghuba nzima ya kupigia picha.

Saa za kazi nazo ni hizi. Anzeni saa 12 na nusu asubuhi, kabla jua halijakolea. Saa 4 kamili filimbi inapulizwa, hakuna mtu anayeingia tena majini, hata kama "limebaki kidogo tu tumalizie". Hapo wote mnageuka wabebaji. Lengo ni ifikapo saa 7 mchana, upepo wa ziwani unapokuwa umeshaanza kupata nguvu, ukingo uwe mtupu na chanja iwe tupu. Mkiona saa 4 imefika na kuna gugu zuri tu bado linaelea mbele yenu liacheni, ila lizungushieni kamba yenye maboya ili upepo usiupeleke mzigo kwa wengine: madumu matupu ya lita 5 yaliyofungwa vifuniko vizuri, moja kila mita moja na nusu, ncha mbili zifungwe kwenye vigingi. Ongeeni kwanza na BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, na acheni njia ya mitumbwi, siyo mnafunga kamba wavuvi wanarudi alfajiri na injini inakamata kamba, halafu ugomvi unaletwa ofisini kwangu.

Mapanga yabaki nyumbani, au yatumike nchi kavu tu juu ya turubai. Nimeona vijana wanakatakata gugu likiwa majini ili "liwe rahisi kuvuta". Kila kipande chenye kitako na mzizi kidogo ni mche mpya. Gugu maji limeungana kwa vikonyo vinavyotambaa, mama na watoto, kwa hiyo unashika kwa chini kwenye kitako, unavuta taratibu unakuja na familia nzima, unakunja kama mkeka na kulisukuma kwa mwenzako. Vikonyo vikikatika okota.

Wakati wa kutoa. Jamani, kabla ya maua. Mnasubiri mpaka ghuba inageuka zambarau ndo mnaitisha kampeni kwa sababu sasa linaonekana, kumbe mnavuna likiwa tayari na mimba. Mkiona ua la kwanza mna siku 14, si zaidi, kumaliza eneo lile. Kama mmeshachelewa na maua yamejaa, basi siku hiyo watu wawili watangulie na visu na magunia, wakate vichwa vya maua na vile vikonyo vilivyopinda, viingie moja kwa moja kwenye gunia lisilotoboka, mdomo ufungwe, na gunia hilo lisichanganywe na mzigo mwingine. Likauke nje ya mstari kisha lichomwe. Hapo ndo mahali pekee ninapokubali moto.

Na hii habari ya kampeni kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Ni siku nzuri ya usafi, barabarani na sokoni inafaa, lakini gugu maji halijui kalenda. Likipata joto na rutuba linaweza kuongezeka mara mbili ndani ya wiki moja mpaka mbili. Tufanye siku 10. Mmebakiza robo eka mwishoni mwa mwezi mkasema tutamalizia Jumamosi ijayo ya usafi. Siku ya 10 ni nusu eka, siku ya 20 ni eka nzima, siku ya 30 ni eka mbili. Mnakuja na watu wale wale na toroli zile zile kwenye kazi iliyozidi mara nane. Kwa hiyo baada ya kampeni kubwa, wiki sita za kwanza rudini kila siku 7 na watu watano tu, saa moja na nusu inatosha, mnaokota miche midogo kabla haijashikana mikono. Baada ya hapo kila siku 14. Watu watano wa kila wiki wana faida kuliko 50 wa mwezi, na hawahitaji mgeni rasmi.

Haya, gugu limefika juu ya mstari. Msifikiri kosa limeisha maana linaweza kuhamia huku. Mkilimwaga rundo moja kubwa ni lile lile la ukingoni, katikati litakaa hai. Lianikeni kwa unene usiozidi sentimita 20, huo ni urefu wa kiganja cha mtu mzima kilichokunjuliwa kuanzia kwenye kifundo mpaka ncha ya kidole cha kati, kwa hiyo kipimo unacho mkononi usiseme hukuwa na rula. Mizizi juu, majani chini. Geuzeni kila baada ya siku mbili kwa reki au uma. Kipindi cha kiangazi, Juni mpaka Agosti jua la hapa na upepo, siku 10 mpaka 14 zinatosha. Kabla ya kusema limekauka chukueni vitako 10 kutoka sehemu tofauti, vitatu viwe vya chini kabisa, vikateni. Vyote 10 viwe kahawia na vivunjike kwa sauti. Kimoja kikiwa cheupe ndani, rudisha juani wiki nyingine. Msinichagulie vile vya juu.

Masika na vuli msidanganyane na kuanika, gugu litaoza juu na kuota chini. Likishachujika lipelekeni siku hiyo hiyo kwenye mboji.

Mboji sasa, maana wakulima ndo mnapopata chenu hapa na mbolea ya dukani bei mnaijua. Katakateni gugu vipande vya sentimita 5 mpaka 10, juu ya turubai. Tabaka la kwanza mabua ya mahindi au matawi membamba sentimita 15 ili hewa ipite chini. Halafu gugu sentimita 30, pumba za mpunga au majani makavu sentimita 15, samadi mbichi ya ng'ombe sentimita 10, udongo kidogo wa juu, rudia. Gugu likiwa bichi kabisa ongezeni pumba mpaka ziwe sawa na gugu, vinginevyo litatoa uvundo na halitapata joto. Upana mita moja na nusu, kimo mita moja na nusu. Rundo la kimo cha goti halipati joto la kuua mbegu, nasema tena, halipati, na hilo ni kosa la pili kwa ukubwa ninaloliona kwa sababu watu wanafanya mboji ya kimo cha goti halafu wanapeleka mbegu hai shambani kwenye majaruba yao wenyewe.

Joto linalotakiwa ndani ni nyuzi 55 kwenda juu kwa siku tatu mfululizo au zaidi. Kipimajoto huna, najua. Chomeka nondo ya milimita 10 mpaka katikati, iache dakika 10, chomoa ushike ile sehemu iliyokuwa ndani. Kama huwezi kuishika ukahesabu mpaka tano, joto lipo. Kama ni vuguvugu, ama rundo ni dogo, ama samadi haitoshi, ama limelowa sana. Geuza siku ya 10, ya 20 na ya 30, na kugeuza maana yake ya nje yaingie ndani, siyo kupapasa juu juu kwa jembe, kwa sababu mbegu zilizoko pembeni hazijaiva. Baada ya miezi mitatu hivi itakuwa tayari.

Gugu lililotolewa karibu na mdomo wa mto Mirongo au mahali popote maji ya viwandani na gereji yanapoingilia ziwani, hilo usilipeleke kwenye mboji ya mchicha wala nyanya. Gugu maji linanyonya madini mazito na kuyahifadhi, na mboji haiyatoi. Likaushwe, litumike kwa miche ya miti au maua ya bustani.

Kuna lingine dogo limeingia, watu wengi wanaliita gugu jipya, kitaalamu Salvinia. Majani madogo ya kijani yenye vinyweleo juu yanakaa mawili mawili, halina ua la zambarau, linatandaza juu ya maji mpaka huoni maji. Mwanzoni mwa 2025 magugu yalivyohangaisha vivuko pale Kigongo na Busisi, kabla Daraja la JPM halijafunguliwa Juni mwaka huo, hili nalo lilikuwemo kwenye mazungumzo. Hili halitegemei mbegu, linategemea kukatika. Kila kipande kinaota. Ndo maana reki ni sumu kwake, ukilikwangua kwa reki umelizalisha. Tumieni neti ya mbu iliyochakaa iliyoshonwa kwenye fremu ya miti, mnachota kutoka chini, mnamwaga kwenye ndoo au gunia la plastiki lisilotoboka, siyo kwenye chanja yenye matundu. Neti iwe ile isiyolalika tena, na isigeuzwe kuwa ya kuvulia, mnanielewa. Na lenyewe lipande juu ya mstari siku hiyo hiyo.

Dawa za kuua magugu, hapana. Kuna mtu kila mara anapendekeza bomba la kunyunyizia na dawa ya shambani eti kazi iishe. Maji ya kunywa ya jiji yanachotwa ziwa hili hili, Capripoint na Butimba, samaki wapo humo, na gugu lililokufa kwa dawa linazama, linaoza na kumaliza hewa ya samaki. Usiguse bila kibali na wataalamu.

Wale mbawakawa waliofugwa na kuachiwa ziwani miaka ya mwisho ya 1990 bado wapo wanasaidia kulila gugu. Majani yenye makovu madogo madogo ya kahawia, kama milimita 3, ndo kazi yao. Eneo lenye makovu mengi livuneni mwisho, anzeni na gugu zima lenye majani yanayong'aa.

Afya: gamboti ndefu, glovu, msiingie bila kuuliza wavuvi kuhusu mamba na viboko. Konokono wa kichocho wanapenda humo kwenye magugu, kwa hiyo anayeingia majini mara kwa mara aende kituo cha afya akapime, asisubiri kukojoa damu ama tumbo kuvimba.

Mkiona miche ni ya moja moja na haina maua kwa miezi miwili mfululizo, mnaenda vizuri.

Kila kikundi kichague mtu mmoja, simwiti mwenyekiti wala katibu, ni mtu wa ukingo. Kazi yake haingii majini. Saa 7 wenzake wakiwa wanakula, yeye na gunia lake anatembea mita 50 kulia na mita 50 kushoto ya mahali mlipofanyia kazi, anaokota kila kitako, kila kikonyo kilichobaki mchangani au kilichokwama kwenye mawe, anaangalia ndani ya mitumbwi, kwenye nyavu, kwenye toroli, chini ya gamboti. Vyombo vyote vinaoshwa juu ya mstari kwa maji ya ndoo, siyo kusuuzwa ziwani. Akimaliza anasaini kwenye daftari kwamba ukingo ni mtupu, na jina lake linabaki pale. Msimpe kijana anayependa kuwahi kuondoka, mpeni mama mmoja mwenye roho ngumu asiyeona aibu kumrudisha mtu.

Na kwenu ambao muda huu mnasoma mna rundo la wiki iliyopita bado liko mchangani, msitoe hata mche mmoja mpya Jumamosi hii. Mvua za vuli hazisubiri. Hamisheni hilo kwanza, anzeni na upande unaogusa maji, turubai itangulie chini.